Majani kwenye Njia ya Hita ya Gari la Zamani: Upige Upepo, Ufungue Kava la Waipa au Ushushe Feni?

Tabora ni mji wa miembe, na mwenye gari anayetafuta kivuli Isevya, Kanyenye au karibu na stesheni ya reli ataishia chini ya mmojawapo. Mwembe haupukutishi majani yake yote kwa mkupuo kama ifanyavyo miti mingi ya miombo wakati wa kiangazi. Huyaangusha kidogo kidogo mwaka mzima, na msimu wa maua humwaga pia vijiti vyembamba vinavyopenya katika kila upenyo. Uchafu huo hujikusanya chini ya kioo cha mbele bila dereva kujua, kwa kuwa kuanzia Mei hadi Oktoba madirisha huwa wazi na hita haikumbukwi ila katika asubuhi chache za baridi za Juni na Julai. Mvua za Novemba zinapoanza, kioo hujaa ukungu, dereva huwasha feni ili hewa ya moto ipulize kioo, na kinachotoka ni hewa hafifu yenye harufu ya majani yaliyooza, ikifuatana na mlio wa kitu kinachogonga nyuma ya dashibodi.

Akienda gereji tatu, huenda akapewa majibu matatu. Ya kwanza itashauri kupiga upepo wa kompresa kupitia matundu ya dashibodi, ya pili itafungua kava la plastiki lililo chini ya waipa, na ya tatu itashusha feni. Liko na jibu la nne, la kushusha boksi zima la hita, ambalo hutajwa mara chache na huhitajika mara chache zaidi. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mwenye gari la zamani, yaani lile lisilo na filta ya hewa ya ndani, kama yalivyo mengi ya magari ya Kijapani ya miaka ya 1980 na 1990 ambayo bado yanatuhudumia. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: upepo wa kompresa, ambao ndio unaoombwa zaidi kwa sababu ni wa haraka, ndio unaopaswa kuja mwisho, na kwa gari lenye majani haupaswi kupigwa kabisa wakati feni ikiwa bado mahali pake.

Hewa inapita wapi

Hewa ya nje huingia kupitia matundu ya kava la plastiki lililo chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Watengenezaji walichagua mahali hapo kwa sababu gari likiwa mwendoni, upepo unaogonga kioo hubanana chini yake na kujisukuma wenyewe ndani. Chini ya kava kuna mfereji mpana wa bati unaokwenda kutoka fenda moja hadi nyingine. Maji ya mvua yanayoingia pamoja na hewa hukimbilia pembeni na kutoka kwenye matundu yaliyo nyuma ya fenda, karibu na bawaba za milango. Hewa yenyewe hugeuka na kuingia kwenye boksi la feni, ambalo katika magari mengi yenye usukani wa kulia hukaa upande wa kushoto, nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Feni huisukuma ipite kwanza kwenye evaporeta (sehemu inayopoza hewa), ikiwa gari lina AC, kisha kwenye rejeta ndogo ya hita ambamo maji ya moto ya injini huzunguka, ndipo itokee miguuni, kifuani au kwenye kioo.

Kwa hiyo jani lina vituo vitatu vya kunasa: kwenye mfereji wa bati, ndani ya gurudumu la feni, au kwenye uso wa evaporeta, ambao una mapezi membamba ya aluminiamu yaliyosongamana kiasi kwamba jani halipiti kamwe. Kila njia ya kusafisha hufika kituo kimoja au viwili tu, na anayelipa bila kujua uchafu wake uko kituo gani anabahatisha.

Dalili zisomwe kabla ya spana kushikwa

Dashibodi ina kitelezi au kitufe cha kuchagua kati ya hewa ya nje na hewa ya ndani inayozungushwa. Washa feni kwenye kasi ya juu, kisha badilisha kati ya hizo mbili huku mkono ukiwa kwenye tundu. Hewa ikiwa nyingi kwenye ile ya ndani na kupungua kwenye ile ya nje, kizuizi kiko kwenye mfereji, kabla ya feni. Ikiwa hafifu kote kuwili, kizuizi kiko kwenye feni au baada yake, na mara nyingi ni kwenye evaporeta. Mlio wa tak-tak-tak unaoongezeka kasi pamoja na feni ni jani au kijiti kilichonasa kwenye gurudumu, na mtetemo mzito usio na mgongano huonyesha kwamba matope yameganda upande mmoja wa gurudumu na kulifanya lielemee.

Zulia la abiria nalo linasema. Likilowa baada ya mvua, matundu ya kutolea maji ya mfereji yameziba. Likilowa siku ya jua baada ya AC kufanya kazi safari nzima, bomba dogo la kutolea maji ya evaporeta ndilo lililoziba. Lakini maji hayo yakiwa yanateleza na yenye harufu tamutamu, na kioo kikiwa na utando wa mafuta usiofutika kirahisi, rejeta ndogo ya hita inavuja, na kazi hiyo haihusiani na majani hata kidogo. Vivyo hivyo, hewa inayotoka kwa nguvu lakini ya baridi ni tatizo la upande wa maji: thamostati, yaani vali inayodhibiti joto la maji ya injini, iliyokwama ikiwa wazi, maji pungufu kwenye rejeta, au kutu iliyojaa kwenye rejeta ndogo baada ya miaka mingi ya kujazia maji ya kisima badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Nalisisitiza hili kwa sababu inasikitisha kuona mtu analipia usafi wa majani mara mbili ilhali thamostati yake haijaguswa.

Feni inayofanya kazi kwenye kasi ya juu pekee, huku kasi nyingine zote zikiwa kimya, ina rezista iliyoungua, yaani kile kifaa cha umeme kinachopunguza kasi ya feni. Hapo majani yanaweza kuwa chanzo, kwa kuwa rezista imewekwa kwenye mkondo wa hewa makusudi ili ipozwe na hewa hiyo hiyo. Mkondo ukizibwa, rezista hupata moto kupita kiasi. Anayebadilisha rezista bila kutoa majani atabadilisha tena.

Kupiga upepo

Uzuri wa njia hii ni dhahiri. Hakuna skrubu inayofunguliwa, gharama ni ndogo, na kompresa ipo kwa kila fundi wa pancha. "Mzee, tukupigie upepo tu, dakika kumi umeondoka," kijana atasema, na kwa vumbi laini la barabara za vijijini lililotanda kwenye matundu ya dashibodi anasema kweli.

Kwa majani, tatizo ni mwelekeo. Upepo ukipigwa kutoka kwenye matundu ya dashibodi kwenda ndani, unakwenda kinyume na mkondo: unaling'oa jani kwenye uso wa evaporeta na kulirudisha kwenye boksi la feni, mahali pasipo na mlango wa kutokea. Siku hiyo hewa itatoka vizuri, mteja ataridhika, na feni ikizunguka siku mbili tatu italirusha jani lile lile kwenye evaporeta ile ile. Upepo ukipigwa kutoka kwenye matundu ya chini ya kioo, mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa majani yaliyokuwa yametulia kwenye mfereji, ambayo yangetolewa kwa mkono, husukumwa hadi kwenye feni.

Liko na suala la madhara. Mapezi ya evaporeta hupinda yakipigwa upepo mkali kwa karibu, na pezi lililopinda huziba njia daima. Gurudumu la feni likipigwa upepo moja kwa moja huzungushwa kwa kasi ambayo bushi zake hazikuundwa kuistahimili. Tena kompresa ambayo tangi lake halijamwagwa maji hurusha unyevu pamoja na hewa, na vumbi la Tabora likilowa huwa tope linaloshika kwenye mapezi na kukauka humo.

Kufungua kava la waipa

Hii ndiyo kazi ambayo mwenye gari mwenyewe anaweza kuifanya nyumbani, Jumamosi moja asubuhi, akiwa na bisibisi, koleo na soketi, ambayo mara nyingi ni namba 12 au 14, ya nati za waipa. Kabla ya kuzitoa waipa, bandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kioo pale ubapa wa mpira unapolala, ili zirudi pembe ile ile. Mkono wa waipa una springi yenye nguvu. Ukiuachia bila mpira wake unaweza kupasua kioo, kwa hiyo weka taulo. Plastiki ya miaka 25 au 30 imekakamaa kwa jua na klipu zake huvunjika, nami hushauri gari likae juani kwanza nusu saa ili kava lilainike, na klipu chache za akiba ziwepo.

Weka kitelezi kwenye hewa ya ndani, kwa sababu kifuniko cha njia ya nje hujifunga na kuzuia vitu visidondokee kwenye feni. Ukilinyanyua kava utaona majani makavu juu, ambayo hayana shida. Hayo huchotwa kwa mkono. Shida iko kwenye kona mbili za chini, ambako majani ya misimu iliyopita yamegeuka udongo mweusi, laini, wenye nyuzi za vijiti vya maua ya mwembe ndani yake, umeshikamana na bati na kubaki na unyevu hata mwezi wa Septemba. Huo ndio unaoziba matundu ya maji, na huo ndio unaokula bati. Mfereji ukitoboka kwa kutu, kuuziba kunahitaji kuchomelea mahali ambapo mkono haupiti vizuri, na gharama yake haikaribiani na ya usafi.

Chota udongo huo kwa kijiko cha plastiki au mkono wenye glavu, fyonza mabaki kwa mashine ya kufyonza vumbi ikiwa ipo, na maji yaje mwisho. Anayeanza kwa kumwagia maji anayasukuma yote hadi kwenye matundu na kuyakaza humo. Mfereji ukiwa mtupu, mimina lita moja kila upande, mbali na tundu la feni, na uangalie nyuma ya magurudumu ya mbele: maji yatoke pande zote mbili, kwa mkondo na si kwa matone.

Ikilinganishwa na upepo, njia hii ni ya polepole, saa moja hadi mbili kwa asiyezoea, lakini uchafu unatoka nje ya gari badala ya kuhamishwa. Udhaifu wake ni mmoja tu: haifiki kwenye feni. Mlio wa tak-tak-tak hautaondoka kwa kufungua kava.

Kushusha feni

Kwa gari lenye mlio, au lenye hewa hafifu katika hali zote mbili za kitelezi, hakuna kinachoweza kuchukua nafasi ya kazi hii, na watu huiogopa bila sababu. Katika Toyota nyingi za saluni za miaka ya 1990, droo ya dashibodi hutolewa, plagi ya umeme huchomolewa, na mota hushikiliwa na skrubu tatu. Ugumu ni wa mwili zaidi kuliko wa ufundi, maana mtu hulala chali miguuni pa abiria akifungua juu ya uso wake, na skrubu ya mwisho ikitoka, mota hushuka na majani yake yote. Miwani ya kinga haina mjadala hapo. Terminali ya hasi ya betri itolewe kabla ya kuanza. Na kwa gari lenye eabegi (mfuko wa hewa wa usalama), subiri dakika kadhaa baada ya kuitoa, wala usiguse waya zake.

Gurudumu la feni husafishwa kwa mswaki mkavu, pezi moja baada ya jingine. Vipande vidogo vya chuma vilivyobanwa kwenye mapezi si uchafu bali ni uzito wa kusawazisha mzunguko, kwa hiyo viachwe. Mota isioshwe kwa maji.

Faida kubwa ya njia hii huonekana baada ya feni kutoka. Kupitia tundu lililobaki, kioo kidogo na tochi ya simu, unaweza kuiona evaporeta, na kama ni gari la kulala chini ya miembe utakuta majani yamelala juu yake kama mkeka. Yanabanduliwa kwa vidole au brashi laini, kwa kufuata mstari wa mapezi, kamwe si kwa kukatisha. Na hapa, hatimaye, upepo wa kompresa unapata kazi yake halali. Ukipigwa kwa shinikizo dogo kutoka kwenye matundu ya dashibodi, unasukuma mabaki hadi kwenye tundu la feni, ambalo sasa liko wazi kwa chini, na mtu wa pili anayadaka kwa mashine ya kufyonza au ndoo. Ni upepo ule ule na kompresa ile ile. Tofauti ni kwamba uchafu una mlango wa kutokea.

Si kila gari linakubali kirahisi hivyo. Mercedes-Benz ya aina ya W124, kwa mfano, ina feni chini ya kioo cha mbele upande wa injini, kwa hiyo kazi zote mbili, ya kava na ya feni, hufanywa kutoka juu, na mwenye gari hilo ni afadhali alipie zote kwa pamoja kuliko kulifungua mara mbili.

Kushusha boksi zima

Hii ni kazi ya siku nzima au zaidi. Dashibodi hutolewa, maji ya injini humwagwa, na gesi ya AC hunyonywa kwa mashine kabla mabomba hayajafunguliwa. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mara nyingi yalitumia gesi ya R-12, ambayo uzalishaji wake ulisitishwa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni. Fundi akiiachia hewani ameharibu mazingira, na mteja hataipata tena. Plastiki za zamani huvunjika, na dashibodi iliyowahi kutolewa hurudi na milio yake mipya.

Naikubali kwa sababu mbili tu: rejeta ndogo inayovuja, au panya walioweka kiota ndani kabisa ya boksi. Kwa kiota cha panya, uchafu usifagiliwe wala kupigwa upepo ukiwa mkavu, maana mkojo na kinyesi chao hubeba magonjwa. Ulowanishwe kwanza kwa dawa ya kuulia vijidudu, glavu na barakoa vikiwa vimevaliwa, ndipo utolewe. Fundi anayependekeza boksi zima lishushwe kabla hajashusha feni na kuchungulia kwa tochi aombwe kwa heshima aanze na feni.

Uchague ipi

Ikiwa gari linalala chini ya mti lakini feni yake haina mlio na hewa inatoka vizuri, fungua kava la waipa na usilipe zaidi ya hapo. Ikiwa lina mlio, lipa kazi ya feni, na kava lifunguliwe siku hiyo hiyo, kabla ya feni kurudishwa. Vinginevyo majani ya juu yatashuka na kuchukua nafasi ya yaliyotolewa. Ikiwa fedha zinatosha kazi moja tu kati ya hizo mbili na mvua zimekaribia, ningechagua kava, kwa sababu mlio wa feni unaweza kuvumiliwa mwezi mmoja, ilhali maji yanayofurika kwenye mfereji huingia kwenye zulia na waya za chini ya dashibodi. Upepo peke yake unafaa gari la vumbi lisilolala chini ya mti. Na mwenye gari la miaka ya 2000 aangalie kwanza nyuma ya droo, kwa kuwa mengi yana nafasi ya filta, na filta iliyojaa majani hubadilishwa kwa dakika chache bila spana.

Baada ya usafi, wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 5 hivi ukifungwa upande wa ndani wa kava huzuia majani bila kuubana mkondo wa hewa. Chandarua hakifai, matundu yake madogo huziba kwa vumbi na maua, na hewa hupungua kuliko mwanzo. Wavu huo hautazuia vijiti vyembamba vya maua, kwa hiyo kitelezi kiachwe kwenye hewa ya ndani gari linapoegeshwa, kisha kirudishwe kwenye hewa ya nje wakati wa kuendesha kwenye mvua, kwa kuwa hewa inayozungushwa ndani huongeza ukungu kwenye kioo. Waosha magari nao waambiwe wasielekeze bomba la maji ya nguvu chini ya kioo kabla majani hayajaokotwa kwa mkono.

Wakati mzuri wa kufungua kava ni Oktoba, maua ya mwembe yakiwa yamekwisha kudondoka na mvua zikiwa hazijafika. Lita ya maji ikimiminwa na upande mmoja usitoe mkondo, kava lisifungwe siku hiyo.